Taa ya Kiti Namba Saba

Saa moja na nusu asubuhi, lifti ikiwa bado haijaanza kujaa watu, mwandishi wa kumbukumbu yumo ukumbini peke yake, anapanga vibao vya majina kwenye meza ya duara. Kibao, daftari, kalamu, glasi ya maji. Akifika kiti namba saba anapunguza mwendo, anakiweka kibao taratibu na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mzee."

Mwenye kiti hicho alifariki miaka miwili iliyopita.

"Wenzangu wananicheka," anasema mama huyu wa miaka hamsini na minane, ambaye jengo zima linamwita Mama Kumbukumbu. "Waache wacheke. Salamu haigharimu kitu."

Ni mwaka wa ishirini na mbili sasa yuko katika bodi hii inayoishauri serikali juu ya ukuaji wa uchumi na ubunifu. Kazi yake ni kuandika kila kinachosemwa na wajumbe kumi na mmoja, wengi wao maprofesa na wakurugenzi wa benki. Wizara inaleta pendekezo, wajumbe wanalichambua, kisha mwenyekiti anazunguka meza kiti kwa kiti. Mwenye swali anabonyeza kipaza sauti chake na taa nyekundu inawaka. Asiye na swali anaandikwa "hana hoja". Wote wakikosa hoja, pendekezo linakwenda kwa waziri siku hiyohiyo. Likibaki swali moja tu, halitoki mpaka wizara itakapolijibu kwa maandishi.

Kiti namba saba kilikuwa cha fundi wa kukereza vyuma, mjumbe pekee aliyekuja vikaoni na mafuta ya mashine kwenye kucha. Kwa miaka tisa aliuliza swali lilelile: "Hili likipita, fundi atakwenda wapi kesho yake asubuhi?" Maprofesa walishusha pumzi, lakini walijibu.

Kwa utaratibu wa bodi, jina la mjumbe haliondolewi mpaka ifike barua ya kumteua mwingine. Barua haijafika. Kwa hiyo kibao kinawekwa, na mwenyekiti, mtu asiyeruka kanuni hata nukta, anamwita marehemu kama anavyowaita wengine.

Hapo ndipo penye kumnyima Mama Kumbukumbu usingizi. Namba saba ikiitwa, taa inawaka.

Inawaka kwa sekunde arobaini hivi. Amezihesabu kwenye saa ya ukutani. Hasikiki mtu, ila mvumo mdogo tu, kama wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Kisha inazimika. Mafundi umeme wamebadilisha kipaza sauti mara mbili na nyaya mara moja. Mhudumu wa chai hapeleki tena kikombe upande ule. "Mimi nimeajiriwa kuhudumia walio hai," anasema, na hatanii.

Taa ikizimika, mwenyekiti husema, "Hana hoja," na Mama huandika. Ameandika hivyo mara ishirini na tatu.

"Hilo ndilo linaniuma," anasema. "Yule mzee hakuwahi kukosa hoja hata siku moja. Nimemsingizia mara ishirini na tatu, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe."

Leo pendekezo ni zito: kubomoa eneo lenye karakana mia tatu na arobaini ili kijengwe kituo cha ubunifu. Mojawapo ni ya marehemu, na sasa inaendeshwa na mjane wake. Mwandishi wa habari hii ameruhusiwa kukaa kwenye benchi la nyuma.

Viti sita vya kwanza vinapita chapuchapu. "Namba saba," anaita mwenyekiti bila kuinua kichwa.

Taa inawaka. Saa ya ukutani inaonyesha saa tatu na nusu. Sekunde arobaini zinapita. Dakika moja. Mbili. Mjumbe wa kiti namba nane anajisogeza pembeni, na wengine wanazikodolea macho karatasi zao kwa bidii ambayo asubuhi hawakuwa nayo.

"Mama, andika hana hoja, tuendelee."

Kalamu haisogei. Amebakiza miezi minne astaafu, na kumwaga unga sasa, kwa ubishi na mwenyekiti, ni jambo la kutisha. Anapiga moyo konde.

"Mwenyekiti, taa bado inawaka."

"Ni hitilafu tu."

"Inawezekana. Lakini mimi naandika ninachokiona." Anainama na kuandika huku akitamka neno moja moja: "Mjumbe wa kiti namba saba ameomba kusema. Hajasikika."

Taa inazimika.

Profesa mmoja anasafisha koo. "Kama kuna aliyeomba kusema, kanuni inataka tusubiri," anasema. "Na swali lenyewe sote tunalijua. Wizara inapaswa kulijibu."

Mwenyekiti anafunga faili. Pendekezo haliendi kwa waziri leo.

Kikao kinapokwisha, mama huyu anaanza kukusanya vibao. Huenda akaitwa kujieleza, na anaogopa, hafichi. Simu yake inaita. Ni mjane wa fundi.

"Dada, leo mlikuwa na kikao?"

"Mbona unauliza?"

"Mashine ya marehemu ilizimika yenyewe saa tatu na nusu, kama zile siku nilizokuambia. Umeme upo, nyingine zote zinazunguka."

Tarehe za vikao hazitangazwi, na Mama anasema hajawahi kumtajia hata moja.

"Na sasa hivi?"

"Imewaka. Hakuna aliyeigusa. Mafundi wote wametoka nje, wamekataa kurudi ndani."

Akistaafu, Mama Kumbukumbu anataka kwenda kwenye karakana hiyohiyo ajifunze kukereza, kama itakuwa bado imesimama. Mikono yake imeandika maneno ya watu maisha yote, anasema, sasa anataka itengeneze kitu. Lakini kwanza kuna barua ya uteuzi. Kila Jumatatu anaiandikia wizara kuikumbusha kwamba kiti kinahitaji fundi, na hataacha mpaka siku ya mwisho.

"Nataka nimwone mtu ameketi pale, amwage chai, aulize maswali ya kuchosha. Mzee naye apumzike," anasema, akikifuta kibao cha namba saba kwa kitambaa. "Siku hiyo nitampa shikamoo huyo mtu, hata akiwa mdogo kuliko mwanangu."