Nilivyopata TIN Nikiwa Chini ya Meza

Chekeni tu, mashoga zangu, maana Ipinda nzima imeshacheka na mimi bado natembea kifua mbele. Ndiyo, ni mimi yule mama aliyezama chini ya meza ya afisa wa kodi mchana kweupe, miguu nje.

Loji moja ya Matema ilitaka mchele wangu kila wiki, ila mwenye loji akasema bila TIN, namba ya mlipakodi, hanunui hata kilo, na mwisho ni Ijumaa, baada ya hapo anachukua kwa mwingine. Bahati watu wa kodi wakaja kusajili kwenye ofisi ya kata, siku moja tu, Ijumaa hiyohiyo. Mume wangu akasema, "Ngoja nitoke shamba twende wote." Nikamjibu mimi si mtoto (hapo ndipo nilipojiponza).

Zamu yangu ikafika, kitambulisho ninacho, simu ninayo, mambo yanakwenda, mpaka afisa, dada mmoja mgeni wa huku, akauliza, "Banda la biashara ni la nani?"

"La baba mkwe."

"Jina lake?"

Kwetu Wanyakyusa mke halitaji jina la baba mkwe, wala hakai naye chumba kimoja, akimwona anajificha. Wengi wameacha, ila ukoo wa mume wangu haujaacha, na mimi tangu niolewe sijawahi kulitamka (na hapa siliandiki, msinisumbue). Mtu kwenye foleni akataka kunisaidia, dada akamkatiza: "Aseme mwenyewe. Hajui jina la mwenye banda, nitajuaje kama banda lipo?" Akasukuma fomu yangu pembeni. "Anayefuata!"

Nikaona mchele wangu wa Matema unaondoka hivihivi. Hasira zikanipanda, nikalitaja, tena kwa kelele, lote, la ubatizo na la ukoo.

Mlangoni sauti ikaitika, "Naam!"

Mama weee! Mzee alikuwa amemfuata mtendaji wa kata kwa shida zake. Sikufikiri, nikapiga mbizi chini ya meza, kichwa kikapita, makalio yakagoma, nikavuta waya, kompyuta ikazima, foleni ikaangua kicheko, na mmoja akasema, "Mwacheni, anaitafuta TIN huko chini!"

Mzee hakucheka. Alitugeuzia mgongo, maana na yeye desturi inambana, akaongea akitazama nje: "Binti, mwandikie mkwe wangu. Banda ni langu, kazi ni yake." Kisha akakaa barazani kumsubiri mtendaji, kwa hiyo nami sikutoka. Kompyuta ikawashwa, dada akawa anainama kuniuliza maswali, najibu hukohuko, na karatasi yenye namba niliipokea kwa kunyoosha mkono.

"Ndaga," nikashukuru kutoka chini, na mzee huko nje akakohoa.

Aibu niliiona, jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Lakini kabla jua halijazama namba ilikuwa Matema, na mchele wangu unaliwa kule hadi leo, wakati waliocheka wanauza kwa debe barabarani. Jina lile silitaji tena hata mnifanye nini. Ila nimeshaanza kufyatua matofali, najenga banda jingine, na siku wakiniuliza ni la nani nitasimama wima niwatajie: Andika Tusekile. Ni langu.