Mume wa Kitabuni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mwaka ule watu wa hapa Kilema walipoanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Nilikuwa msichana, na nilikuwa nimeshampenda mwandishi mmoja wa riwaya wa Moshi mjini kabla sijamwona. Katika kitabu chake mume anamkatia ng'ombe majani kila alfajiri kwa kuwa mkewe ni mgonjwa. Mwanamume wa huku, kukata majani! Nikasema aliyeandika haya ni mpole, msikivu, hajui kugomba. Tabia yake yote niliipanga mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nilimwandikia, akajibu, na siku hiyo akaja kujitambulisha.

Bibi yangu, aliyenilea, hakuwa mtu wa kuamini sifa. Alisimama migombani akiwatazama wakipanda mlima. Mgeni mbele, koti la mtumba limepigwa pasi, kitabu mkononi. Nyuma mama yake, ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kichwani.

Tukakaa, tukanywa, akatusomea. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alipofika pale mume anapomfunika mkewe blanketi, Bibi alilia, nami nikajihesabu nimeolewa. Kumbe huku akifuta machozi, Bibi alikuwa anamchunguza yule mama.

"Ndoo ilikuwa nzito, mama mwenzangu?"

Mama alimtazama mwanawe kwanza, ndipo akajibu, "Nimezoea."

Walipoondoka nilinuna, nikamwambia Bibi ana roho ya kushuku. Hakukataa. Wasiwasi ndiyo akili, alisema.

"Yule mume wa kitabuni ni mtu mwema, nami nimemlilia. Akija yeye, nakuoza leo. Huyu aliyekuja bado hatumjui."

Nilimkataa, na iliniuma sana. Labda nilimwonea. Sijui, na sikurudi kuuliza.

Sasa nawe umesoma riwaya ya kijana fulani, unaniambia umeujua moyo wake. Mwanangu, maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mtu huandika wema kwa sababu anao, au ameuona kwa jirani, au anajua wasichana wanaupenda, na kitabu hakitakuambia ni lipi. Kipende kitabu. Mwenye kitabu waulize wanaokaa naye, tena waulize polepole.

Mungu akupe nyumba ambayo ukiulizwa kama umechoka, utajibu ndiyo bila kumtazama mtu usoni kwanza.