Zamu ya Wanawake kwenye Mtungi wa Y Dhun

Jumamosi, tarehe 14 Januari 2017. Upepo wa kaskazini-mashariki ulivuma tangu alfajiri, mkavu na wa baridi. Anga lilikuwa jeupe bila wingu, na vumbi jekundu lilitua juu ya kila kitu kijijini Buôn Kdrao, hata juu ya migongo ya nguruwe.

H'Nhuăn Mlô alikuwa amekaa sakafuni ndani ya nyumba ndefu iliyoinuliwa juu ya nguzo, aliyoachiwa na mama yake, mtungi wa pombe ya mchele mbele yake. Alibandua majivu na majani ya ndizi yaliyoziba mdomo wa mtungi, akainama na kunusa. Ulikuwa umeiva. Kwa kawaida harufu ile ilimfurahisha kama mtu anayemwona mtoto wake akirudi nyumbani. Siku hiyo ilimtia hofu.

Mtungi huo ulikuwa wa Y Dhun, mdogo wake wa kiume, na tambiko lilikuwa la kumwombea afya. Mizimu ingeitwa, patu za shaba zingepigwa, Y Dhun angekanyaga bapa la shoka kwa mguu mmoja na kuvishwa bangili ya shaba. Kisha angepokea mrija na kunywa. Asipokunywa, tambiko lingehesabika halikufanyika. Na daktari wa hospitali ya mkoa alikuwa amemwambia kwamba akiendelea na pombe, mvua za mwaka ule hataziona.

H'Nhuăn alizaliwa katika nyumba hiyohiyo wakati ilipokuwa ndefu zaidi, na sehemu ya mwisho ya paa lake ilikuwa bado haijaungua vitani. Tangu alipoweza kushika mchi, mama yake alimpeleka msituni kutafuta magome na mizizi ya hamira. Walirudi na vikapu, wakatwanga, wakachanganya na unga wa mchele, wakafinyanga vidonge vidogo vyeupe na kuvilaza juu ya pumba vilale usingizi. Ndivyo mama alivyosema, vilale usingizi, na mtoto akakatazwa kupiga kelele karibu navyo. Alipokuwa mkubwa alimpenda Y Nok, mtu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, akapeleka wazee wake kumposa, maana kwao mwanamke ndiye anayeposa, na Y Nok akahamia kwake na nguo zake na upatu mmoja. Walipata mabinti wawili. Y Nok alikwenda zake mapema, homa tu, na baada ya hapo H'Nhuăn akawa mtu wa mitungi. Kila harusi na kila mazishi ya eneo lile yalipitia mikononi mwake. Watu walisema mtungi wa H'Nhuăn una meno.

Bango lilikuja mwaka mmoja kabla ya tambiko. Lililetwa na H'Wen, binti wa marehemu mdogo wa kike wa H'Nhuăn, aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Alilibandika ukutani mwa nyumba ya mikutano: maini mawili, moja jekundu na laini, jingine la kijivu lenye vinundu, na chini yake chupa ya pombe kali iliyopigwa mstari mwekundu.

Watu walikusanyika kama wanaotazama nyoka aliyeuawa.

"Hili la pili si ini," akasema Y Khem, jirani mwenye mdomo. "Hili ni fenesi lililooza."

"Ni la kwako hilo, Y Khem. Walilipiga picha ulipolala mtaroni," mwingine akadakia.

"Na hili zuri ni la nani? La mtu aliyekufa kwa huzuni?"

Wakacheka mpaka H'Wen naye akacheka, ingawa hakutaka. Baadaye fundi wa pampu akaacha pombe kali ya mchele akahamia bia, kwa kuwa bia haikuchorwa. Mkewe akaja kumlaumu H'Wen: "Bango lako limenigharimu! Zamani alikuwa analewa jioni, sasa anaanza saa nne asubuhi, eti anatunza ini."

Ila wengi walikubaliana kwa jambo moja, na H'Nhuăn alikuwa miongoni mwao. Iliyochorwa ilikuwa chupa. Chupa ni kitu cha dukani, kimechemshwa na watu usiowajua. Mtungi ni mchele, majani, mizizi na mikono ya mama. Mizimu haijawahi kuitwa kwa chupa. Basi bango liliwahusu watu wa chupa.

Kisha tumbo la Y Dhun likaanza kujaa, na macho yake yakawa na rangi ya manjano. H'Wen akampeleka hospitali. Daktari akamuuliza anakunywa pombe kiasi gani.

"Pombe situmii," Y Dhun akajibu kwa moyo mweupe. "Nakunywa mtungi tu."

Daktari akaandika kwamba hanywi. H'Wen, aliyekuwa amesimama nyuma, ikabidi amwambie futa, daktari, futa.

Alipomsimulia H'Nhuăn habari hiyo, H'Nhuăn alicheka kwanza. Halafu akatazama vidonge vyake vya hamira vilivyolala juu ya pumba, akaviona kana kwamba vimefumbua macho.

Alikwenda kumwona Y Dhun nyumbani kwa mkewe siku chache kabla ya tambiko.

"Tuahirishe, mdogo wangu."

"Tuahirishe mpaka lini, dada? Mpaka niwe chini?"

"Basi siku hiyo usinywe. Gusa tu mrija kwa midomo."

Y Dhun akatabasamu. Ngozi ya uso wake ilikuwa imebana mifupani. "Njiti ya kipimo mdomoni mwa mtungi inaonekana na kila mtu. Nikiukataa mrija mbele ya patu, nimejizika mwenyewe. Wewe ndiye utakayenipa. Mimi nitapokea. Yakija, yaje."

Ndiyo sababu asubuhi ile alinusa mtungi na kuogopa.

Jua lilipopanda nyumba ilijaa. Wapigaji wa patu walikaa kwenye benchi refu la mti mmoja, na sauti ikaanza, nzito, inayozunguka, sauti isiyoingia masikioni bali kifuani. Moshi wa nyama ya nguruwe ulipenya mianzi ya ukuta ukakutana na jua, na mihimili ya mwanga ikasimama ndani ya nyumba kama watu waliochelewa. Mzee wa tambiko aliita mizimu ya milima na maji. Y Dhun akakanyaga shoka. Bangili ikavishwa, ikateleza mpaka karibu na kiwiko kwa jinsi mkono ulivyokonda.

Y Lem, mkwe wa H'Nhuăn, alijaza mtungi maji juu ya mchele uliochacha mpaka ukingoni na kulaza njiti juu ya mdomo wake, na jino dogo la njiti likazama. Kila mnywaji lazima anywe mpaka jino litoke majini. Kisha maji yanajazwa tena kwa ajili ya anayefuata, na mrija hauachwi hewani: unatoka mkono kwenda mkono. Wanawake huanza, mkubwa wa nyumba mbele, na wanaume hufuata. Mwanamke akishika mrija hakuna wa kumnyang'anya.

H'Nhuăn akashika mrija, akanywa. Utamu ulikuja kwanza, halafu uchungu wa magome, halafu joto. Jino likatoka. Y Dhun, aliyeketi upande wa pili, akanyoosha mkono, kwa maana siku ile watu walitazamia dada amkabidhi mwenye tambiko moja kwa moja.

H'Nhuăn hakuachia.

"Jaza," akamwambia Y Lem.

Y Lem akamtazama, akajaza. H'Nhuăn akanywa tena. Jino likatoka.

"Jaza."

"Mama, umeshakunywa kipimo chako."

"Nimesema jaza."

"Haya jamani!" akaita Y Khem. "Mpishi kakipenda chakula chake! Shemeji, tuachie hata machicha!"

Kicheko kikapita nyumba nzima. H'Nhuăn alikisikia kikitokea mbali, kama kinavuka mto. Alikuwa amefumba macho. Kila maji yalipoingia juu, alijua, ukali ulishuka chini ukatoka kwenye mrija, na kilichobaki kilizidi kuwa chepesi. Patu zilizunguka. Aliona msitu wa utoto wake, wenye ukungu, na mama yake mbele amebeba kikapu, anatembea bila kugeuka. Aliona mchele ukilala ndani ya giza la mtungi na kuota kwamba ni mvua. Alitaka kumwuliza mama, hivi vidonge vinaota nini? Mama alizidi kwenda, na njia ilikuwa laini, na miguu ya H'Nhuăn haikugusa ardhi.

Mkono ukamgusa bega.

"Mama mkubwa," H'Wen akanong'ona sikioni. "Na wewe una ini."

H'Nhuăn akafumbua macho. Uso wa H'Wen uliyumba, ukawa wawili, ukawa mmoja.

"Mpaka iwe maji," akasema polepole. "Mpaka iwe maji ndiyo nitampa."

H'Wen akamtazama Y Dhun, mjomba wake, akautazama mtungi. Akaelewa. Akapiga magoti kando yake na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama mkubwa, umenisahau. Mimi si mwanamke wa nyumba hii?"

"Muuguzi!" Y Khem akapiga paja. "Na bango lako?"

"Bango halikumkataza mtu kuheshimu zamu yake, mzee. Kaa kimya, yako iko mbali."

Akapokea mrija, akanywa huku amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa. Y Lem akajaza. Akafuata binti mkubwa wa H'Nhuăn, kisha mdogo. Kisha mke wa Y Dhun, ambaye hakumtazama mtu, akanywa haraka na kufuta macho. Habari ikashuka ngazi bila kusemwa. Wanawake waliokuwa wakikata nyama uani wakanawa mikono, wakapanda. Mke wa fundi wa pampu akaja. Wajane wakaao mwisho wa kijiji wakaja, wakisukumana na kuchekeana. Wengine walikuwa hawajaalikwa hata kidogo.

"Leo wanawake wameota kutoka wapi?" mwanamume mmoja akalalamika.

"Kutoka kwa mama zenu," akajibiwa.

Mihimili ya mwanga ilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Wapigaji wa patu walibadilishana. Mrija ulipita mkono kwenda mkono, na H'Nhuăn, aliyeegemea nguzo, aliusindikiza kwa macho kama anayetazama jani likielea mtoni.

Hatimaye ulirudi kwake. Akaonja. Majani kidogo, mvua kidogo. Hakuna meno tena.

Hapo tu ndipo jambo jingine likampata. Kila mtu angejua. Mtungi wa H'Nhuăn, wenye sifa kuliko yote, siku ya ndugu yake mwenyewe umetoa maji. Akamtazama Y Dhun, akampa mrija kwa mikono miwili.

Y Dhun akanywa. Alisita mara moja, nyusi zikapanda. Akaendelea, taratibu, bila kupumzika, mpaka jino la njiti likatoka majini likang'aa.

"Vipi?" Y Khem akauliza, shingo mbele. "Ukali upo?"

Y Dhun akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono. Alimtazama dada yake.

"Upo," akasema. "Huu ndio mkali kuliko yote aliyowahi kupika. Nishikeni, nisianguke."

Watu wakapiga vigelegele, patu zikapanda, na H'Nhuăn akalala palepale chini ya nguzo, mkono chini ya shavu.

Asubuhi iliyofuata jua lilimtangulia kuamka. Alikunywa maji, akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu, akatembea taratibu hadi nyumbani kwa mke wa Y Dhun. Alimkuta ndugu yake uani anageuza buni zilizoanikwa, akipumzika kila baada ya mstari. H'Nhuăn akachukua reki ya pili, akaanza upande wa pili.

"Kichwa?" Y Dhun akauliza bila kuinua macho.

"Kinapasuka."

"Changu kizima kabisa."

Wakageuza buni mpaka wakakutana katikati.