Filomena Ndani ya Tumbo la Ndege

Filomena alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, Kimamba. Mwaka uliofuata Uhuru aliolewa na Wenceslaus, fundi wa mabodi ya ndege, na tangu hapo ndoa yao ikawa ya likizo. Mume aliishi Dar es Salaam akifanya kazi karakanani, mke alibaki Kimamba akilima shamba lake, na vijiji vya ujamaa vilipoanza, akalima na la kijiji. Wenceslaus alikuja na zawadi, mpole, mkimya, na siku ya kuondoka ilimkuta mkewe bado ana maneno kooni.

Mwaka wa sabini na nne, ndege moja ya abiria iliyoleta watalii Mikumi ilizuiwa kuruka, maana rubani aliona rangi imevimba chini ya tumbo la ndege. Wenceslaus alitumwa kuitengeneza, yeye na mwenzake Beda. Filomena aliposikia mumewe yuko karibu hivyo, alimwachia mama yake binti yao Regina, akapanda garimoshi na kapu la mihogo na kuku wa kukaanga.

Alimkuta peke yake, amelala chali chini ya ndege. Beda alikuwa ameshikwa na malaria, akapelekwa hospitali Kilosa.

"Baba Regina, umekula?"

"Bado, Mama Regina." Alitoka akijipangusa mikono, akimtazama kama mtu anayeogopa kuwa anaota.

Baada ya kula alimwonyesha kipande alichokata. Bati lilikuwa limegeuka unga mweupe.

"Kutu gani hii isiyo nyekundu?"

"Ya alumini ndivyo ilivyo. Ndege hii hulala pwani. Chumvi, na maji yanayovuja jikoni mwa ndege, vinatuama humu chini. Inaliwa kwa ndani pole pole, nje rangi inang'aa."

Kiraka kilikuwa tayari, lakini kupiga ribiti, vile vipini vya kubana bati, ni kazi ya watu wawili, mmoja nje na nyundo, mwingine ndani akikandamiza chuma kizito upande wa pili.

"Mimi nimeshika jembe maisha yangu yote," alisema Filomena. "Chuma hicho kitanishinda?"

Wenceslaus alisita. Kisha akamfundisha kwenye bati bovu mpaka mkono wake ukatulia. Kwa kuwa hawangeonana, Filomena angemjibu kwa kugonga: mara moja, ribiti imekaa vizuri, mara mbili, rudia.

Filomena akaingia chini ya sakafu, kwenye joto kama la tanuri, na wakafanya kazi. Pundamilia walikula majani kando ya uwanja. Pengine bila ule ukuta wa bati kati yao asingethubutu kuuliza.

"Baba Regina, huko Dar una mke mwingine?"

Aliweka nyundo chini.

"Sina. Sijawahi."

"Basi mbona hujatuita?"

"Chumba changu ni kimoja, na mvua ikinyesha kinavuja. Niliona aibu uone ninavyoishi."

Filomena alilia kidogo kimyakimya, jasho na machozi vikichanganyika. Kisha akagonga mara moja.

"Umenielewa?" aliuliza mumewe.

"Nimekuelewa. Mimi nimekulia chumba kimoja, tukiwa watu saba. Piga, mkono unachoka."

Ribiti mbili zilikaa vibaya, wakazing'oa na kuzirudia. Mkaguzi alipofika kutoka Dar, alipitisha kioo na tochi kila pembe, akauliza nani alishika chuma, akaambiwa. Alikunja uso, akakagua upya tangu mwanzo, mwishowe akatia sahihi. Ndege ikaruka asubuhi iliyofuata, nao wawili wakasimama ukingoni wakiitazama hadi ilipozama nyuma ya milima.

Mahindi ya kijiji yalipovunwa, Filomena alifunga nyumba yake, akamshika Regina mkono, wakaenda Dar. Wenceslaus aliwapokea stesheni. Alikuwa ameziba paa, ila pembe ya mlangoni bado ilivuja, na masika yaliyofuata waliweka sufuria hapo, wakahamishia kitanda upande wa pili.