Siku ya Kumi, Jua Likichwa

Nilikosa mimi. Si mke wangu, si dereva, si mto. Jina langu silitaji, maana hapa Lindi nikipita tu watu hupunguza sauti.

Kiangazi kimoja nilipanda lori hadi Dar es Salaam, tukatumia siku tatu. Safari moja tu! Lakini tangu hapo nikajifanya bingwa wa njia. Mtu akiitaja Dar barazani namkatiza: siku tatu, hazizidi.

Masika yakaingia, ikaja habari kwamba mama mkwe, aliyekuwa akikaa Dar, hajiwezi. Meli ya mwezi ule ilikwisha pita. Mke wangu akaomba ruhusa aende kwa lori. Mimi sikutaka, nilizoea kupikiwa, niseme kweli. Tukagombana. Mwishowe nikamhesabia kwa vidole: tatu za kwenda, tatu za kumuuguza mama, tatu za kurudi. Nikaongeza moja, nikajiona mkarimu!

"Siku ya kumi jua likichwa hujaingia nyumba hii," nikamwambia, "umeachika."

Talaka mbili nilikwisha kumpa miaka ya nyuma, kwa hasira hizi hizi, na mara zote nikamrejea. Hii ilikuwa ya tatu, na ya tatu haina marejeo. Aliendelea kufunga mzigo wake, akaniambia polepole kuwa njiani kuna Rufiji. Nikamjibu Rufiji nimeuvuka, naujua.

Naujua! Niliuvuka umetulia kama maji ya beseni.

Siku ya nane bado natamba. Siku ya tisa niliacha cherehani yangu, nikaenda kukaa yanaposimama malori. Siku ya kumi likaingia moja kutoka Kilwa, limejaa tope hadi kwenye turubai. Hakuwemo. Dereva akasema mto umefurika, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ameamuru kivuko kisimame, watu wamelundikana ng'ambo. Nikalitazama jua likishuka, wala sikuwa na la kufanya. Likachwa.

Nilimwendea sheikh. Akaniuliza kama niliweka udhuru wowote, mvua au maradhi. Sikuweka. Akasema basi talaka imekwisha kuwa.

Siku ya kumi na tatu, asubuhi, nikasikia sauti yake nje.

"Hodi."

Miaka kumi na mmoja katika nyumba ile hakuwahi kupiga hodi! Nikatoka. Kanga zake tope hadi magotini. Nikamwambia aingie, akakataa. Alikuja kuchukua sufuria zake tu. Akasema jua la siku ya kumi lilimchwea ukingoni mwa mto, naye akaanza kuhesabu eda pale pale.

Nikamuuliza hali ya mama.

"Tulimzika siku niliyofika," akasema. "Hata hitima sikuingoja. Nilikuwa nakimbilia siku zako."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Sufuria nikamtolea mwenyewe, moja moja, akazipokea akiwa nje ya kizingiti.

Sasa ameolewa Kilwa Kivinje. Wanaume wenzangu, mkeo akikuaga, mwambie afike salama, basi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyamwaga huku nikihesabu vidole. Barazani bado wananichokoza wakiniuliza Dar ni siku ngapi. Nawaambia sijui. Ningalisema hivyo siku ile, nisingekuwa najipikia.