Fundi wa Lenzi Anayechagua Lenzi ya Jicho Lake

Saa moja na nusu asubuhi, fundi wa lenzi amekaa kwenye stuli yake ndefu, kiwiko mezani, kibanio mkononi. Mbele yake kuna sinia lenye skrubu kumi na saba, zimepangwa kwa mduara kama zilivyotoka. Kila moja ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ukipiga chafya hapa utakuwa umeharibu siku ya mtu.

"Usiegemee meza," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Ukitaka kupumua, pumulia kule."

Mwandishi anapumulia kule. Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, kati ya fundi cherehani na mchonga funguo, na dari lake linashuka kwa mshazari hadi mgeni akisimama vibaya anagonga kichwa. Mwenyewe hagongi. Ana miaka thelathini na moja humu ndani.

Wateja wanamwita Mama Lenzi. Ana umri wa miaka hamsini na minane, mikono iliyotulia na mdomo usiotulia. Ufundi alirithi kwa mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza saa na kuzionea huruma kamera zilizoletwa kwake kimakosa. Siku hizi anapokea lenzi tisa au kumi kwa mwezi. Zamani zilikuwa zinafika arobaini, kabla simu hazijawafanya watu wote kuwa wapiga picha.

Lakini leo kinachomsumbua si uchache wa wateja. Alhamisi ijayo atalala kwenye kitanda cha hospitali na daktari atatoa kwenye jicho lake la kushoto ile lenzi aliyozaliwa nayo, iliyoingia ukungu, aweke nyingine ya plastiki. Kabla ya hapo anadaiwa jibu moja: anataka lenzi ya kuonea karibu, au ya kuonea mbali? Zote mbili haiwezekani.

"Nilimuuliza daktari, mwanangu, hiyo lenzi yenu haivuti?" anasimulia huku akicheka. "Akaniambia haivuti, mama, ina umbali mmoja tu. Nikamwambia basi mimi ninazo nzuri zaidi dukani kwangu."

Za dukani kwake kweli zinavuta, zinaleta karibu kilicho mbali. Mbili ziko mezani, zote zimetengenezwa miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na mwenye nazo, kijana anayepiga picha za mpira wa miguu, anataka kujua abaki na ipi.

Mama Lenzi anainua ya kwanza. Hii ina pete moja tu, ya kusukuma na kuvuta. "Ni ya haraka. Mchezaji akitoka mbio unamvuta kwa mkono mmoja, huna haja ya kufikiri. Lakini imezeeka. Ielekeze chini uone, inateremka yenyewe kama soksi iliyolegea. Na kila ukiivuta inameza vumbi."

Ya pili ina pete mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kulenga. "Hii nzito, ya polepole, na haipendi kuharakishwa. Ila ukiiweka mahali inakaa. Kama mume wangu."

Mume mwenyewe anaitwa Rubani, ingawa hajawahi kuendesha ndege ya kubeba mtu. Alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka thelathini alipandisha watu na kuwashusha kwa kamba za chuma, na alipostaafu akanunua helikopta ndogo ya umeme, ya kuongozwa kwa rimoti, akawa anapandisha na kushusha bila kamba. Jina akapewa na mkewe siku ya kwanza, kwa kejeli, likamkaa.

Jumapili asubuhi wawili hawa huenda kwenye uwanja wa wazi nyuma ya shule. Rubani anarusha, Mama Lenzi anapiga picha. Wapita njia wanadhani ni wazee wanaocheza, nao hawajakosea sana, lakini pale ndipo kila lenzi iliyotengenezwa chini ya ngazi inapofanyiwa mtihani.

"Ukuta hautoi siri," anasema fundi. "Lenzi yoyote mbovu itapiga picha nzuri ya ukuta. Helikopta ikining'inia hewani na mbingu nyuma yake, hapo ndipo uongo unatoka. Natazama namba za mkiani, je, zinasomeka? Natazama kingo za mapanga, je, zina pindo la zambarau? Lenzi ya zamani ikizidiwa na mwanga inatia zambarau. Nikiona hilo namwambia mteja ukweli wake."

Tena ana kazi ya pili pale uwanjani. Helikopta ikienda mbali, pua na mkia hufanana, na anayeirusha akikosea kujua inaelekea wapi, rimoti inamgeuka: akitaka iende kulia, inakwenda kushoto. Mama Lenzi, kwa kuwa ana lenzi ya kuvuta jichoni, ndiye anayemtajia mumewe. "Inatutazama." "Imetupa mgongo." Wamefanya hivyo miaka sita.

Hadi siku moja mwaka jana alipotaja "inatutazama" na helikopta ilikuwa imewapa mgongo.

Ilijipigiza ukutani kwa kasi. Rubani aliokota vipande kwenye kofia. Hakusema neno, na mkewe anakiri kwamba lile lilimuuma kuliko matusi.

"Nikasema ni lenzi," anakumbuka. "Niliiona picha ina ukungu. Nikarudi hapa nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Ukungu uko palepale. Nikafungua tena. Mara tatu! Nikasema hili ni pepo."

Wiki hiyohiyo kijana wa mpira alileta lenzi yake aipendayo kuliko zote, akitaka ibadilishwe grisi tu. Mama Lenzi akaitazama kwenye mwanga, akaona nayo ina ukungu. Akasafisha. Akaongeza spiriti, akasugua, akaongeza tena, hadi utando ule mwembamba wa rangi unaokinga kioo ukakwanguka. Lenzi iliyoingia nzima ikawa imeharibiwa na fundi.

Rubani ndiye aliyegundua. Alikuja na chupa ya chai, akapewa lenzi aitazame kwenye taa. Akasema, "Mbona safi?" Mkewe akamwambia yeye mzee haoni. Rubani akamshika bega, akamgeuza mlangoni, akamwambia afumbe jicho la kushoto na kusoma kibao cha mchonga funguo.

"Nikamwambia, kina ukungu," anasema Mama Lenzi. "Akaniuliza, na sasa umeshika lenzi gani? Nikatazama mkono wangu. Sikuwa nimeshika kitu."

Mganga hajigangi, waliosema hawakukosea. Mwanamke aliyetoa ukungu kwenye maelfu ya lenzi alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Alikaa kwenye stuli yake akalia kidogo. Kisha akampigia simu kijana wa mpira, akamweleza kosa lake lote bila kupunguza, akampa lenzi moja ya kwake mwenyewe.

"Ungeniambia imejifia tu, ningeamini," anasema kijana huyo, ambaye leo amesimama mlangoni akisubiri hukumu ya lenzi zake mbili. "Fundi anayekwambia kosa lake utampata wapi, mama? Mimi siendi kwingine."

"Unanisifu ili nikupunguzie," anajibiwa.

Jicho la kulia lilipasuliwa miezi minne iliyopita. Upasuaji ulichukua dakika ishirini, na pale hapakuwa na mjadala: alichagua lenzi ya karibu, kwa sababu jicho hilo ndilo linalokaa kwenye kioo cha kukuzia. Bandeji ilipotoka, jambo la kwanza aliloliona ni vumbi la chumba chake. La pili lilikuwa uso wa mumewe.

"Nikamuuliza, hii mikunjo umeipata lini? Akanijibu, wakati ule ulipokuwa hutazami."

Skrubu sasa anaziona kama karanga. Lakini vitu vya mbali vimebaki kivuli kwa jicho lile, na la kushoto linazidi kuingia giza. Miwani ingesaidia, daktari alimwambia, naye akakataa katakata. "Miwani na kamera ni wake wenza. Kila mmoja anataka awe karibu zaidi na jicho."

Kwa hiyo Jumapili anasimama uwanjani anasikiliza tu mlio. Rubani ameiunga helikopta ya zamani kwa gundi, mkia umepinda, haipandi juu kuliko paa la shule. Lenzi zilizotengenezwa zinapimwa kwa picha za ukuta.

Nyumbani kila mtu ana ushauri. Binti yao mkubwa, ambaye ni mhasibu na hupenda mambo yaliyonyooka, anasema jibu liko wazi. "Mama, kazi yako ni ya karibu. Weka zote za karibu. Jicho moja likichoka lina mwenzake." Daktari naye ametahadharisha kwamba mwenye jicho moja la karibu na jingine la mbali anaweza kupata kizunguzungu mwanzoni na kukosea hatua kwenye ngazi. Rubani alipoulizwa alijifanya mwanafalsafa, akasema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

"Nikamwambia waliosema hivyo hawakuwahi kufungua lenzi," anasema mkewe.

Kuna jambo jingine, na analieleza baada ya kuchungulia mlangoni kuhakikisha mume hajafika. Rubani anatafuta helikopta mpya. Kwenye duka analolizoea kuna mbili. Moja ni kubwa, nyekundu, ndefu kuliko meza hii, mapanga yake yanafikia mita moja na nusu, haitingishwi na upepo wala haipiti mlango wa chumba chao bila kuinamishwa. Nyingine ni ndogo, urefu wa mkono, nyeupe yenye mistari ya buluu, imefananishwa na zile za uokoaji hadi kwenye ribiti, zile pini za kuunga mabati, za ubavuni.

"Kwangu mimi, kwa watoto, kwa jirani, anasema anataka kubwa. Kubwa, kubwa, kubwa! Juzi nikapita dukani kuulizia betri. Mwenye duka akaniambia, mama, huyu mzee wako simwelewi. Kila wiki anakuja kuisimamia ile ndogo nusu saa, anaizungusha, anafungua kimlango chake. Halafu anaulizia bei ya kubwa."

Anairudisha skrubu moja mahali pake.

"Nilifika nyumbani ndiyo nikaelewa. Nyekundu, kubwa. Anataka inayoonekana na mtu asiyeona."

Rubani anaingia saa nne kasoro, chupa ya chai kwapani, anainama kukwepa dari kwa mazoea. Ni mrefu, mkimya, anasalimia mara moja na kutafuta pa kukaa. Mwandishi anamuuliza kuhusu helikopta. "Kubwa ni imara kwenye upepo," anasema. Na kweli, kwa mambo ya upepo amesema sawasawa.

Mama Lenzi kwanza anamaliza na mteja. Anamkabidhi ya pete mbili. "Baki na hii. Ile ya kusukuma inakupendeza kwa sababu ya haraka, lakini ukingoni picha zake zinafifia, nawe unapiga wachezaji walio pembeni. Hii itakuchelewesha wiki mbili, kisha mkono utaizoea."

Kijana anashukuru, anaondoka. Ndipo fundi anajipangusa mikono, na kwa sauti ileile ya kazi anasema, "Nimempigia daktari asubuhi kabla sijafungua. Nimemwambia la kushoto aniwekee ya mbali."

Rubani alikuwa anamimina chai. Anaacha. "Na kazi?"

"Kazi ina jicho lake tayari. Umeniona lini nikitumia mawili kwenye kioo cha kukuzia?"

"Binti yako atasemaje?"

"Binti yangu ana macho yake mawili, akifika umri huu atayachagulia anavyotaka."

"Na ngazi? Daktari amesema ngazi..."

"Nitashika ukuta. Mzee, nisikilize." Anamgeukia kabisa sasa. "Nenda kaichukue ile ndogo."

"Ipi ndogo?"

"Usinichezee akili. Yenye mistari ya buluu. Mwenye duka amekuwekea pembeni tangu Jumatatu, nimemwomba mimi."

Rubani anaiweka chupa chini taratibu. Anatazama mikono yake, anatazama sinia la skrubu, na mwandishi anaona aibu kuwepo.

"Nilidhani hujui," anasema hatimaye.

"Najua. Na nimekasirika, kwa taarifa yako. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, leo unanichagulia kitu cha kipofu." Lakini mkono wake umeshafika begani kwa mumewe, na unabaki hapo.

Mpango wao ni huu: upasuaji Alhamisi, kisha wiki tatu za kupumzika kama daktari alivyoagiza. Jumapili itakayofuata, asubuhi kabla upepo haujaamka, watakuwa uwanjani. Lenzi sita za wateja zinasubiri mtihani. Baada ya hapo Mama Lenzi anataka kuanza kuwafundisha wapiga picha vijana kuzipima lenzi kuukuu wenyewe, kabla hawajauziwa mbuzi kwenye gunia, na kijana wa mpira ameshajiandikisha.

Rubani amepata sauti yake. Hajawahi kusema maneno mengi hivi, mkewe anamwambia mwandishi huku akimkonyeza. Anaeleza jinsi pua ya ile ndogo ilivyochongwa, jinsi mapanga yake yanavyojikunja kwa kubebwa. "Halafu pale kwenye kioo cha mbele," anasema, akionyesha kwa ncha ya kidole, "wameweka kitu kidogo sana, huwezi kuamini, kuna..."

"Nyamaza," anamkatiza Mama Lenzi, akiwa ameshaziba masikio kwa viganja vyake vyenye grisi. "Usiniambie. Nataka nikaione mwenyewe."