Walzi kwa Nyonga Yenye Chuma

Aliyenivunja nyonga ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Nasema wazi, kwa sababu ukoo mzima wanaita "ajali", kana kwamba ilikuja yenyewe. Asubuhi ile tulitoka kijijini Akheri na lori lake la Canter limejaa ndizi, mimi nimekaa juu ya mikungu. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza. Nikagonga paa la gari: "Shemeji, punguza!" Yeye akaongeza, nikasikia anacheka na mwenzake wa mbele. Kwenye kona nikarushwa.

Nikawekewa chuma. Magongo kwanza, baadaye fimbo. Yule dada wa mazoezi ya viungo hospitali akaniambia, "Mama, mguu huo ukiukalisha unakufa. Tafuta cha kukutembeza, na kiwe unachokipenda." Kuinua mguu kitandani mara ishirini sikukupenda hata kidogo.

Jirani yangu wa mjini, pale Levolosi, muuza mitumba, ndiye aliyenivuta kwenye dansi. Siyo ya kurukaruka. Ni ya wawili wawili, mmeshikana: walzi, rumba, chacha. Walikuwa wanajifunza Jumamosi mchana kwenye darasa la chekechea, viti vidogo vimesukumwa ukutani. Mwalimu ni mama mmoja mstaafu. Niliwakuta wasichana wa chuo, fundi magari, na bibi wa Terrat aliyesema zamani alikuwa hapandi ngazi bila kushika ukuta.

Nikapangiwa mzee mmoja wa Kimeru, alikuwa fundi cherehani, rika la baba mkwe wangu. Hapo ndipo shida. Kwetu mtu wa umri ule unamwamkia umeinamisha kichwa, na unakaa mbali naye. Sasa kila muziki ukianza, goti linajikunja lenyewe, macho chini, "Shikamoo," halafu narudi nyuma. Mzee wa watu anavutika kama ng'ombe wa plau.

"Marahaba," akasema. "Lakini hii ni ya nne leo, mwanangu."

"Nisamehe, baba."

"Ukiniamkia tena katikati ya mzunguko tutaanguka wote, na mifupa yangu haina chuma kama wewe. Hapa mimi si mzee. Mimi ni mguu wako wa kushoto."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Nikainua macho.

Nilipoyainua, mwalimu akasimamisha muziki. "Hebu mwangalieni huyu mama. Hiyo shingo umesomea wapi?"

"Kwenye mikungu ya ndizi, mwalimu."

Wenzangu walikuwa wanatembea na madaftari kichwani kutafuta mgongo ulionyooka. Mimi nimebeba ndizi toka mtoto, kupanda na kushuka makorongo ya Meru. Niliishia darasa la saba na sikuwahi kuitwa mbele kwa sifa. Siku hiyo niliitwa.

Pumzi ikarudi. Usingizi ukarudi. Jumamosi moja nimefika nyumbani, nimeshaweka chai jikoni, ndipo nikakumbuka fimbo nimeiacha darasani. Sikuifuata.

Ikaja send-off ya binti yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Siku hiyo wazazi huingia ukumbini wakicheza mbele ya binti yao, watu wote wamesimama. Anayeingia ndiye anayehesabiwa mama, basi. Kwenye kikao cha maandalizi shemeji akasema, "Mama wa binti tumwekee kiti kizuri pale mbele. Nitaingia mimi na mke wangu. Tusimtese na ule mguu."

"Kiti akalie mkeo," nikasema. "Binti ni wangu, naingia mimi."

"Shemeji, ukianguka aibu itakuwa ya nani?"

"Ya aliyeniangusha mara ya kwanza."

Binti yangu akaniangalia, akasema, "Mama anaingia."

Kwa kuwa baba hayupo, baba mdogo ndiye anasimama mahali pake. Kwa hiyo niliingia na yeye yule, nimeushika mkono uleule ulioshika usukani. Binti alichagua wimbo wa walzi. Shemeji hajui hata hatua moja, na tumbo limetangulia. Nikamwongoza mimi: moja, mbili, tatu. Nyonga ilikuwa inauma, sitadanganya. Lakini shingo ilikaa, gauni likazunguka, akina mama wa Akheri wakapiga vigelegele mpaka MC akanyamaza. Nilimwona hata yule mzee fundi cherehani, meza ya nyuma, anahesabu hatua kwa kidole.

Katikati ya ukumbi shemeji analowa jasho, pumzi fupifupi. Akaninong'oneza, "Shemeji, punguza."

Sikupunguza. Nilimzungusha mpaka meza kuu, akajitupa kwenye kile kiti kizuri alichoniwekea. Mimi nikageuka, nikamnyooshea binti yangu mikono, tukacheza wawili mpaka wimbo ukaisha.